Mieleka ya Kale ya Uingereza: Uanze na Pambano la Nguvu Sawa au la Jitu na Kijana?

Anayetafuta mieleka ya zamani ya Uingereza mtandaoni hukutana kwanza na Big Daddy: mtu mnene mwenye vazi linalometameta, watoto wakimshangilia, na mpinzani mkubwa kama kabati akianguka ndani ya dakika chache. Wengi huishia hapo. Wanacheka, wanafunga, wanarudi kwenye WWE yao, mieleka ya Kimarekani ya siku hizi. Ni hasara, maana kilichowaketisha Waingereza mbele ya televisheni ya ITV kila Jumamosi saa 10 jioni, wakisubiri matokeo ya soka, mara nyingi kilikuwa kitu kingine kabisa: watu wawili wa uzito mmoja na ujuzi unaokaribiana, na hujui nani atatoka na ushindi mpaka raundi ya tano.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jua unachochagua. Pambano la wasio sawa lina utamu wake na tutalipa haki yake. Lakini la walio sawa ndilo lenye kurudiwa, na hata hayo hayafanani. Mengine yanachosha kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Kanuni kwanza, maana bila hizo usawa hauonekani

Aliyezoea mieleka ya Kimarekani amezoea pambano la mwereka mmoja: mabega chini, refa anahesabu tatu, basi. Uingereza ilikuwa na mpango mwingine, uliotokana na kanuni za mwaka 1947 zinazobeba jina la Admiral Lord Mountevans. Mieleka ya miaka ya 1930 ilikuwa imejaa fujo hadi ikapoteza heshima, na kanuni hizo zilikusudiwa kuirudishia sura ya mchezo.

Jambo la kwanza ni uzito. Kulikuwa na ngazi saba. Ya chini kabisa iliishia ratili 154, yaani karibu kilo 70, kisha kila ngazi iliongezeka ratili 11 tu: 165, 176, 187, 198, 209, na juu ya hapo ndio uzito wa juu. Ratili 11 ni kilo 5. Katika ngazi moja, basi, hakuna mwenye kumshinda mwenzake kwa mwili peke yake. Lazima atafute njia nyingine.

La pili ni hesabu ya ushindi. Unahitaji miereka miwili, au mpinzani asalimu amri mara mbili, au moja na moja. Ukimwangusha asiweze kusimama hadi refa afike kumi, pambano limekwisha hata kama alikuwa anaongoza. Raundi ni za dakika 5, mapumziko sekunde 30. Pambano la kawaida lilikuwa la raundi sita, la ubingwa likafika 12. Piga hesabu: raundi sita pamoja na mapumziko ni dakika 32 na nusu, na 12 ni zaidi ya saa moja. Mwereka ukipatikana, raundi huishia hapohapo na kila mtu hurudi kwenye kona yake.

Hapo ndipo usawa unapopata pa kukaa. Mmoja anapata mwereka raundi ya tatu, mwenzake anasawazisha ya nne au ya tano, wanabaki sare, mwereka mmoja kila upande. Kuanzia hapo kila mshiko unaweza kuwa wa mwisho, na mtazamaji anajua. Pambano la mwereka mmoja haliwezi kukupa hali hiyo kwa sababu halina katikati: lina mwanzo na lina mwisho.

La tatu hupita bila wageni kuliona. Ukimwangusha mpinzani, huruhusiwi kumrukia akiwa chini isipokuwa mlianguka pamoja huku umemshika. Unasimama kando, refa anahesabu, yeye anavuta pumzi. Anayekiuka hupewa onyo la hadharani, na la tatu humtoa mchezoni. Matokeo yake, aliyezidiwa hupata nafasi ya kujikusanya, na pambano hurudi kwenye mizani kila dakika chache. Pia mkorofi anapata kitu cha kuvunja, na kila onyo lina bei inayojulikana.

Na tuseme wazi: washindi walipangwa. Jackie Pallo, mmoja wa majina makubwa ya enzi hizo, alilieleza hilo hadharani mwaka 1985 na wenzake hawakumsamehe. Lakini usawa wa ujuzi haupangiki. Ukimpa mtu asiyejua kujinasua mshiko mgumu, hatajinasua, na kamera itamwona. Mwandaaji angeweza kuamua nani ashinde. Hakuweza kuamua shingo ya nani ihimili daraja, yaani kujiinua kwa kichwa na miguu ili mabega yasiguse chini.

Walio sawa, waungwana wote wawili

Hawa hupeana mikono mwanzoni, na mara nyingi katikati pia. Jina la kutafuta ni Johnny Saint akipambana na Steve Grey, wote wa uzito mwepesi. Nyuma yao yuko George Kidd wa Dundee, aliyeushikilia ubingwa wa dunia wa uzito huo kwa zaidi ya miaka 25 hadi alipostaafu mwaka 1976.

Mvuto wake ni wa maswali na majibu. Mshiko uleule unaulizwa mara tatu, na kila mara jibu ni jipya. Chukua mshiko wa kawaida kabisa, wa kifundo cha mkono. Mmoja anakamata kifundo kwa mikono miwili, anakizungusha kwenda nje mpaka kiwiko cha mwenzake kinatazama juu. Asiyejua huvuta mkono. Kadiri anavyovuta ndivyo kiwiko kinavyokaza, kwa kuwa kifundo kimeshakaa kama wenzo na kiungo hakina pa kwenda. Anayejua hufanya kinyume: anaufuata msokoto. Anabingirika mbele upande ule ule mkono unakosokotwa, msokoto unafunguka wenyewe, anaruka na kusimama kwa miguu yote miwili, na sasa kifundo kilichoshikwa ni cha yule aliyeanza.

Kisha mwenzake naye anapaswa kutoka, na kubingirika kumeshatumika. Atapita katikati ya miguu. Au atalala chali, amzoe mwenzake kwa nyayo na kumtupa nyuma ya kichwa. Ukiona wote wawili wanatoka kwa njia ileile mara mbili, ujue unatazama pambano hafifu, hata kama ukumbi unapiga makofi.

Saint alikuwa na mbinu ya kujikunja chini kama mpira, kichwa katikati ya magoti, mikono imekumbatia miguu. Mpinzani anazunguka, anatafuta pa kushika, hapaoni. Wakati mwingine Saint aliacha mkono mmoja umesimama kama chambo. Ukiushika unavutwa, mpira unafunguka, na wewe ndiye uliyeko chini. Kidd naye alijulikana kwa kujikunja hivyo. Ni kichekesho, ndiyo, lakini ni kichekesho chenye fizikia ndani yake: mtu asiye na kiungo kilichonyooka hana wenzo wa kukupa.

Kasoro ya mapambano haya ni joto. Hakuna wa kuchukiwa. Waungwana wawili wakizidisha adabu, wakasimama kupeana mikono baada ya kila kubadilishana, mchezo unageuka maonyesho ya sarakasi. Kasoro nyingine ni mwisho wake. Muda unaweza kwisha kila mmoja akiwa na mwereka mmoja, ngoma droo. Au mmoja anaumia, na mwenzake anakataa kupewa ushindi wa bure, pambano linafutwa. Watazamaji wa enzi hizo waliipenda tabia hiyo, na pambano zuri liliwafanya watupe sarafu ulingoni hata kama halikuwa na mshindi. Mtazamaji wa leo anayetaka jibu anaweza kuhisi ameibiwa nusu saa.

Sawa kwa ujuzi, mbalimbali kwa tabia

Kama utatazama pambano moja tu, chukua la aina hii. Tafuta Jim Breaks.

Breaks, mtu wa Bradford, alikuwa mdogo wa umbo, mwenye kisirani, mlalamishi kama mtoto aliyenyimwa ubwabwa. Akihesabiwa, analia. Akipewa onyo, anabishana na refa, na hata na kikongwe wa safu ya mbele. Lakini chini ya kelele hizo kulikuwa na fundi kamili, na hiyo ndiyo siri. Mkorofi asiyejua mieleka hana cha kukutisha; unajua atashindwa mara tu mwema akikasirika. Mkorofi anayejua kila kitu mwema anachokijua, na bado anachagua kuiba, ni kitu kingine.

Silaha yake ilikuwa mkono. Tazama inavyojengwa: raundi ya kwanza na ya pili anaushughulikia mkono mmoja tu. Anausokota, anaukanyaga wakati refa anatazama pengine, anauachia, anaurudia. Huoni mwereka wowote na unaweza kudhani hakuna kinachotokea. Raundi ya tatu au ya nne anaukunja mkono uleule na kumnyanyua mpinzani kwa huo huo mpaka miguu inaacha sakafu. Anayeshikwa hana budi kumwambia refa yaishe. Mbele ya mtu kama Saint, ambaye maisha yake yote ulingoni ni kutoka kwenye mishiko ya mkono, swali linakuwa kali: je, jibu litapatikana kabla kiungo hakijachoka? Mwaka uleule Kidd alipostaafu, Saint ndiye aliyemshinda Breaks na kulitwaa taji la dunia.

Breaks pia alikuwa kipimo kizuri cha vijana. Mwaka 1977 alipoteza ubingwa wa Uingereza wa uzito mwepesi kwa kijana wa miaka 18 aliyejiita Dynamite Kid, ambaye baadaye alivuma Japani na Marekani. Ukitazama pambano lake na Breaks, angalia jinsi mzoefu anavyompa kijana nafasi ya kuonekana sawa naye: anapunguza mwendo kijana anapohitaji kuvuta pumzi, anapokea mtupo kwa namna inayoupendezesha. Hilo nalo ni ujuzi.

Kuna tawi la pembeni, nalo ni wakorofi wawili. Mick McManus, mfupi, nywele nyeusi, mkali wa hila, dhidi ya Jackie Pallo mwenye nywele za dhahabu zilizofungwa kwa utepe. Pambano lao la mwaka 1963 lilioneshwa siku ya fainali ya Kombe la FA. Hapa usawa ni wa uovu, na ukumbi unalazimika kuamua ni nani afadhali. Kwa ufundi hayafikii ya Breaks na Saint. Kwa kelele za ukumbi yanayapita.

Kinachoharibika katika aina hii ni refa. Mkorofi akivunja kanuni mara nane na kupewa onyo mara mbili, hesabu ya maonyo inapoteza maana na unajikuta unamkasirikia refa badala ya mchezaji. Kwenye pambano zuri onyo la pili huja mapema kiasi, na baada ya hapo mkorofi analazimika kucheza safi, nawe unagundua, pengine kwa kuudhika kidogo, kwamba akicheza safi ni hodari vilevile.

Sawa kwa kasi na ukali

Mark Rocco na Marty Jones. Wote wanatoka upande wa Manchester, wazito kuliko akina Saint, na wanakwenda kwa mwendo ambao wengi walianza kuuona miaka mingi baadaye. Rocco ndiye aliyekwenda Japani kupambana na Tiger Mask, nyota wa huko, yeye mwenyewe akiwa amevaa barakoa kwa jina la Black Tiger.

Aliyetoka kwenye WWE atawazoea hawa haraka kuliko wote. Wanaruka, wanagongana, wanatoka nje ya kamba. Lakini kwa kuwa raundi zipo na huruhusiwi kumfuata mtu chini, kasi hukatwa na kuanza upya, na kila kengele inapolia unaona nani amechoka. Jones anajibu kwa mishiko, Rocco kwa mwili. Usawa wao ni wa mizani yenye vitu tofauti kila upande, kilo ya pamba na kilo ya chuma.

Onyo moja: usianze na haya halafu ukategemea kwenda kwa Kidd. Utaona Kidd anakwenda taratibu mno. Kinyume chake hakina tatizo.

Na wasio sawa?

Big Daddy, jina lake halisi Shirley Crabtree, alikuwa na zaidi ya kilo 150, na ndugu yake, Max, ndiye aliyekuwa akiandaa mapambano. Mpango ulikuwa mmoja. Kwenye mapambano ya wawili kwa wawili, kijana mwepesi anapigwa na majitu kwa dakika kadhaa, anajikokota mpaka kona, anagusa mkono wa Daddy. Daddy anaingia, anasukuma kwa tumbo, analala juu ya mtu, kwisha. Davey Boy Smith na huyo Dynamite Kid ni kati ya vijana waliowahi kuifanya kazi hiyo ya kupigwa.

Pambano lake la Juni 1981, Wembley Arena, London, dhidi ya Giant Haystacks mwenye futi 6 na inchi 11, halikufika dakika 3. Haliwezi kuwa refu. Watu wa ukubwa huo hawawezi kubingirika kutoka kwenye mshiko wala kuhimili daraja, kwa hiyo hakuna maswali na majibu. Kuna swali moja tu, nani ataanguka kwanza, na jibu lake unalijua ukiwa bado kitini unajiweka sawa.

Hata hivyo usiyadharau. Ukitazama na mtoto wa miaka sita, weka haya. Hatahitaji kuelezwa kanuni wala alama. Na kama unataka kuelewa kwa nini mapambano ya nguvu sawa yalipungua kwenye televisheni kabla ya ITV kuachana na mieleka mwaka 1988, jibu lako kubwa limo humo. Daddy alijaza kumbi, na kilichojaza kumbi kilipewa saa nzuri.

Wasio sawa wana namna yao bora pia: tofauti ya ngazi moja au mbili za uzito, siyo sita. Mwepesi wa kilo 70 dhidi ya mwenye 80 bado anaweza kumtupa, ila anachoka mapema, na unaiona hesabu hiyo ikifanya kazi kuanzia raundi ya tatu. Haya yanakaribia utamu wa walio sawa bila kuwa sawa.

Namna ya kuchagua ndani ya dakika tano za kwanza

Angalia kwanza kama mkanda ni mzima. Baadhi ya video zimekatwa na zinaanzia raundi ya tatu. Kwa Daddy haidhuru, kwa Breaks umekosa mkono wote ukiandaliwa. Tangazo la mwanzo ni muhimu: mtangazaji wa ulingoni hutaja idadi ya raundi, na wakati mwingine uzito. Tofauti ikizidi ngazi mbili, usitegemee mengi.

Kisha tazama mshiko wa kwanza. Wakianza kwa ngumi, weka kando. Wakianza kwa vidole na vifundo, na kila mmoja akatoka kwa njia yake, endelea. Msikilize pia Kent Walton, sauti ya mieleka ya ITV kwa zaidi ya miaka 30. Akiwa anataja majina ya mishiko moja baada ya nyingine, pambano ni zuri. Akianza kuwasifu watazamaji na ukumbi, kuna kitu kinamkosesha la kusema.

Mwisho, andika mahali mwereka wa kwanza ulipopatikana. Raundi ya kwanza ni mapema mno. Huenda mmoja anaonewa, au wa pili utakuja upesi na yote yataisha kabla hujamaliza chai. Ya tatu ndiyo pazuri. Ukifika ya tano kati ya sita na bado hakuna mwereka hata mmoja, jiandae kwa sare, na uamue kama unaipenda safari kuliko kufika.

Kwa mgeni asiye na muda: Breaks na Saint, pambano lolote la nusu saa lililo zima. Mwenye muda zaidi aongeze Saint na Grey, kisha Rocco na Jones siku nyingine kabisa. Kidd abaki wa mwisho, jicho likiwa limeshajifunza kutofautisha anayetoroka mshiko na anayeachiwa.